Risasi ya Pili

Ilemela, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeketi barazani na kikombe chako cha kahawa, na goti halikusumbui kama lilivyokusumbua wakati wa mvua. Mimi mwili ni mzima, kinachoumwa ni roho, na utaona sababu yake huko mbele. Kabla hujaendelea, mpe Mama shikamoo yangu, maana nakujua, ukishazama kwenye kusoma utasahau. Mwambie dawa za presha amalize mwenyewe, aache kuwagawia majirani kana kwamba ni chumvi. Ndizi zilifika zote. Senene walifika pia, ingawa mdogo wangu Jovitus alikuwa amekwisha kuwapunguza njiani, na mpaka leo anakana. Vipi mibuni, imechanua vizuri? Na ule mnyauko wa migomba ya bondeni, umeacha au unaendelea kula?

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, simu wewe unaiweka sauti ya juu kabisa kwa sababu ya sikio lako, na nyumba nzima inasikia, na anayepita njiani naye anasikia. Mara ya mwisho nilikueleza kwamba nina mafua, na jioni yake mama mdogo akanipigia kutoka Muleba kunipa pole. Ninayotaka kukuambia leo si ya watu hao. Ndiyo maana nimempa Jovitus aje nayo kwenye meli ya Bukoba, nimeifunga kwa gundi pande zote, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Habari yenyewe ni ya kazini. Nilipokuja Pasaka nilikudokeza kwamba nimewekwa kwenye kamati ya kuchagua bastola mpya za kikosi chetu, za wale wanaofanya doria ziwani, madereva, watu wa redio na wauguzi. Nilifurahi sana, hata nikashona sare mpya. Nilijiambia kwamba hatimaye wameona umuhimu wa kumuuliza mtu anayeshinda juani akifundisha shabaha. Kumbe niliitwa kusindikiza. Mwenyekiti wetu ni Meja Muganyizi, yule mtoto wa marehemu mwalimu, wa mlima wa pili kutoka nyumbani. Wewe ulimjua akiwa anachunga mbuzi. Siku hizi ana kitambi na sauti, na vyote viwili vinatangulia kuingia ofisini.

Bastola zilizoletwa ni za namna mbili. Moja inatumia risasi ya milimita tisa. Nyingine ni ya ile risasi tunayoiita arobaini na tano, ambayo upana wa kichwa chake unakaribia milimita kumi na moja na nusu. Wewe haya unayajua, lakini nayarudia ili uone ninachogombania. Ile kubwa inatoboa tundu kubwa, sikatai. Lakini inapiga teke. Ukifyatua, mtutu unapanda juu na kiganja kinasukumwa nyuma, na mpaka uishushe na kuitafuta shabaha upya, aliyekuwa anakujia amekwisha kufika. Ile ndogo teke lake linavumilika, na magazini yake inabeba risasi nyingi zaidi. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ni bastola, tofauti hiyo anaweza kuimeza kwa mazoezi. Lakini bastola huwa hatumpi mtu huyo, Baba. Tunampa dereva na muuguzi, watu wanaoigusa mara chache kwa mwaka, na siku wanapoihitaji wameloa maji, wamechoka, na mikono inatetemeka.

Tulifanya majaribio kwenye uwanja wetu wa shabaha. Umezungukwa na mawe ya Mwanza, makubwa kuliko nyumba, na mbele ya mawe kuna tuta la udongo la kupokea risasi. Nilipendekeza kila mtu apige risasi tatu kwa haraka kwa kila bastola, kwa sababu adui hasubiri ujipange. Risasi ya kwanza, kwa bastola zote mbili, iliingia kifuani mwa karatasi, na hapo kila mtu akawa anajisifu. Ya pili na ya tatu ndizo zilizosema ukweli. Kwa bastola ndogo zilikaa jirani na ya kwanza. Kwa ile kubwa, ya pili ilikwenda begani na ya tatu ikaenda kuwasalimia kunguru. Meja naye alipiga. Alisimama ubavu, mkono mmoja kauweka kiunoni kama anayepigwa picha ya harusi, na risasi zake mbili kati ya tatu sikuziona zilikokwenda. Aliniambia karatasi ilikuwa imelegea.

Kuna koplo wangu mmoja, Selina, binti wa Nansio. Anaendesha boti ya doria, na kwa bunduki ya bega hakuna anayemgusa pale kikosini. Mikono yake ni midogo. Akiishika ile bastola kubwa, kidole kinafika kwenye kifyatulio kwa shida, na ili kifike inabidi aupindishe mpini mkononi, kwa hiyo teke linakuja pembeni badala ya kuja moja kwa moja kwenye mkono. Nilikaa naye. Nilimfundisha kushika kwa mikono miwili mpaka kusibaki nafasi kwenye mpini, kulegeza viwiko kidogo, kuinama mbele kama mtu anayesukuma gari lililozimika, na zaidi ya yote asilisubiri teke kwa hofu, kwa sababu anayelisubiri anaushusha mtutu kabla risasi haijatoka. Akaendelea vizuri. Teke tulilipunguza karibu nusu, lakini nusu iliyobaki ilikuwa bado ni ya punda. Siku ya jaribio la mwisho, risasi yake ya pili ilipita juu ya tuta, ikagonga jiwe, na kipande cha jiwe kikarudi kikamchana juu ya jicho. Ameshonwa. Kingeshuka kidogo tu, leo tungekuwa tunazungumza habari ya jicho.

Nikafikiri sasa wameona. Meja Muganyizi akasema tatizo ni mtu, si bastola. Akasema jeshi halipimi silaha kwa mikono ya mabinti. Nilimuuliza kama anapendekeza tuwafukuze wote wenye mikono midogo, tukianza na yule muuguzi mwanamume ambaye mkono wake ni mdogo kuliko wa Selina. Nikaambiwa nichunge ulimi. Baba, mimi ulimi nimeuchunga miaka yote niliyokaa jeshini, na sijui umenisaidia nini.

Sasa nafika kwenye linalokuhusu. Kikao kilipokaa nilizitandaza mezani zile karatasi za shabaha, kila moja na matundu yake. Nilidhani matundu hayana haja ya mtetezi. Meja hakuzitazama. Aliziweka pembeni kwa kiganja, akajiegemeza kitini, akasema kwamba askari wa kweli hahitaji risasi tatu. Kisha akakusimulia wewe. Alisimulia habari yako yote ya vita vya Kagera, kama inavyoimbwa na Mzee Bashiru harusini akipiga nyuzi za nanga yake: jinsi Venant Kaijage alivyoichukua bastola kubwa ya ofisa wa adui kule ng'ambo ya mpaka, kwenye migomba, jinsi wenzake walivyolala kifudifudi kwa sababu ya mpiga bombomu, ile bunduki ya rashasha, aliyejificha mbele, jinsi rafiki yake Ngosha alivyopigwa na bunduki ya adui, na jinsi Venant alivyosimama, akanyoosha mkono mmoja, na kwa risasi moja akamnyamazisha yule mtu. Baba, alikuwa anagonga meza kwa vidole akifuata mdundo wa nanga. Wajumbe wengine, ambao hata Kihaya hawakijui, walikuwa wanatikisa vichwa. Akamalizia kwa kusema kwamba ile ilikuwa arobaini na tano, na kwamba binti wa yule shujaa yuko mezani hapa hapa.

Wote wakanigeukia na nyuso za kunipongeza. Ofisa ugavi akaniuliza kama ni kweli. Ningesema nini? Nikisema risasi moja haitegemewi, nimesema baba yangu ni mwongo. Nikisema ilikuwa bahati, nimekushusha mbele ya watu wasiokujua. Nikanyamaza, na kimya changu wakakiandika kuwa nimekubali. Karatasi zangu zikarudishwa kwenye bahasha. Hakuna kitu kilichowahi kuniudhi kiasi hicho. Nimesoma, nimefundisha, nimepima, nimewapigisha watu shabaha juani mpaka ngozi ya pua ikabanduka, halafu nashindwa na wimbo wa harusi. Na wimbo wenyewe unaniita kwa jina la ukoo wangu.

Nilimfuata Meja nyumbani kwake, hapa hapa Ilemela, nikitumaini kwamba nje ya ofisi atakuwa mtu mwingine. Na kweli alikuwa mtu mwingine, ndiyo maana niliondoka nimezidi kuumia. Mkewe alitukaribisha kahawa ya nyumbani, ya kutafuna. Meja alinieleza kwamba alikuwa mtoto mdogo alipousikia ule wimbo kwa mara ya kwanza, kwenye harusi ya shangazi Bernadetta, na kwamba alikaa chini ya meza ya wapiga ngoma akikutazama wewe miguu. Alisema marehemu mwalimu, baba yake, alitaka awe padri. Aliingia jeshini kwa sababu yako. Hakuwa ananitania, macho yake yalikuwa yamelowa. Nilipoanza tena habari ya teke na risasi ya pili, akanikatiza, tena kwa upole.

"Kapteni," akasema, "wewe ni damu ya Ta Venant. Ukisimama upande wa pili unaniangusha mimi, na unamwangusha yeye."

Nililia ndani ya gari, kwa hasira tu. Ningependa awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi.

Ijumaa hii ripoti inasainiwa. Wamependekeza bastola kubwa. Sahihi yangu inahitajika kama mkufunzi mkuu, kuthibitisha kwamba askari wetu wanalimudu teke lake. Nikisaini, Selina na wenziwe watapewa silaha ambayo risasi yake ya pili hakuna anayejua itakwenda kwa nani, na watakuwa kwenye boti, mwenzao mmoja mbele, mwingine nyuma, boti inacheza. Nisiposaini, nimedokezwa kwa lugha tamu kwamba kuna nafasi wazi stoo, ya kutunza mablanketi. Sijafanya kazi yote hii ili nitunze mablanketi. Lakini pia sijaifanya ili niende kumzika koplo wangu aliyepigwa na mwenzake.

Kwa hiyo nikafanya jambo bila kukuuliza. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda Kisesa kwa Mzee Ngosha. Nilifikiri: aliyekuwepo zaidi ya Baba ni yeye, labda ataniambia kwamba ulipiga mara mbili au mara tatu, nikamwambie Meja, na heshima yako ikabaki palepale. Risasi tatu za shujaa si aibu. Nilikwenda na mawazo hayo mepesi, na kilo mbili za sukari.

Nilimkuta uani anachambua dengu na mkewe. Akanisalimu kwa Kisukuma, nikajibu vibaya kama kawaida yangu, wakacheka. Anakusalimu. Amezeeka, lakini amenenepa kidogo, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba alininyooshea mkono wa kulia. Nakumbuka alivyokuwa akivua kofia kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiishia kifuani. Alinieleza kwamba mvua zilizopita bega lilivimba, wakampeleka hospitali mjini, wakampasua na kuitoa ile risasi aliyokaa nayo tangu vita. Sasa mkono unafika kichwani. Alinionyesha, akaukuna utosi wake kwa kuringa kama mtoto.

Nilipoona amefurahi nikamuuliza swali langu. Nilimwomba aniambie Baba alifyatua mara ngapi siku ile. Mkewe akainuka, akasema anakwenda kutazama maharage jikoni. Mzee aliendelea na dengu zake kwa muda, anatoa kijiwe, anatupa, anatoa kingine. Kisha akasema yeye anazijua mbili tu, kwa sababu baada ya ile ya pili alikuwa chini.

Baba, mimi sikuelewa. Nakuapia, mtu niliyesomea kazi hii, sikuelewa. Nilidhani mpiga bombomu alimpata katikati ya risasi zako. Nikamwambia pole. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito, akaingia ndani, akatoka na kichupa cha vidonge. Akanimiminia kiganjani ile risasi waliyoitoa begani mwake.

Kichwa cha risasi ya bombomu ni chembamba na kina ncha. Cha bunduki nyingine yoyote waliyokuwa nayo adui ni hivyo hivyo. Nilichokuwa nimeshika kilikuwa kinene kama ncha ya kidole changu cha mwisho, kifupi, na pua yake ni butu ya mviringo, imebonyea upande mmoja. Sikuhitaji kipimo, ingawa Jumatatu nilipima karakana, kwa sababu nilikuwa nikiomba niwe nimekosea. Ni arobaini na tano. Mzee alisema pia kwamba madaktari walimwonyesha ilikoingilia, nayo iliingilia nyuma. Yule mpiga bombomu alikuwa mbele yenu. Mzee Ngosha alikuwa mbele yako, amepanda juu kidogo kwenye kichuguu, na risasi ilipita kwanza kwenye mkoba wa magazini alioubeba mgongoni, ndiyo maana haikumuua. Bastola ya namna ile pale kwenye migomba ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Ilikuwa mkononi mwako. Ya kwanza ilimpata adui, kama unavyosema wimbo. Mkono mmoja, silaha usiyoizoea, mtutu ukapanda, na kidole chako kikafyatua tena kabla haujashuka. Kila wiki nawaona askari wangu wakifanya kosa hilo hilo. Lao linaishia kwenye mawe.

Nilijaribu kumdanganya. Nilimwambia ni vigumu kujua, risasi imechakaa, niende nayo kazini nikaipime halafu nimletee jibu.

"Usiniletee jibu mimi," akasema. "Mpelekee baba yako. Ni yake."

Baba, anajua. Alijua tangu siku ile. Alisema alipoanguka aligeuza kichwa akakuona umesimama, bastola inatazama juu, na uso wako hakuusahau. Halafu ulimbeba. Ulimbeba mgongoni kuvuka lile bwawa la matete mpaka mtoni, na wewe mwenyewe mguu umeteguka, goti hilo hilo linalokusumbua mpaka leo. Njia nzima ulikuwa unamwambia kwamba wale mbwa wamempiga, kwamba atapona, kwamba wale mbwa watalipa. Naye alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo. Nilimuuliza kwa nini aliitikia. Akasema ungemwambia mtu nini, na wewe ndiye uliyekuwa umembeba?

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Mwanzoni nilikukasirikia wewe, sitaficha. Kila harusi Mzee Bashiru alipofika kwenye ubeti wako ulikuwa unatoka nje kwenda kutazama ng'ombe, na sisi watoto tukisifu jinsi Baba asivyopenda makuu. Nilipoingia jeshini ulinipa neno moja tu, kwamba nishike kwa mikono miwili hata wanicheke. Nilijiuliza neno hilo umelitoa wapi, mtu anayeimbwa kwa mkono mmoja. Nilikasirika kwamba ulinifundisha hilo mimi peke yangu, ukawaacha akina Muganyizi wakue na ule wimbo. Sasa hasira imebaki, lakini imechanganyika na kitu kingine, na nikikuwaza unatoka nje usiku wa sherehe kwenda kusimama na ng'ombe gizani, nashindwa kula.

Ninalotaka kwako ni hili. Mpigie Muganyizi kabla ya Ijumaa, au mwite. Mwambie kulikuwa na risasi ya pili. Si lazima umwambie iliishia wapi. Atanisikiliza mimi mpaka kesho kutwa bila kuelewa, lakini wewe ukimwambia neno hilo moja ataelewa, kwa sababu ni wewe. Kama utashindwa, basi sitalisema mimi. Nimeamua leo asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kanisani na sisali chochote. Nitaingia kikaoni na karatasi zangu zenye matundu, nitakataa kusaini kwa karatasi hizo tu, na watanipeleka kwenye mablanketi yao. Jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Sitakusamehe upesi, nakuambia ukweli, lakini sitalitoa.

Kuna jambo jingine, nalo si la kamati. Mzee Ngosha alisema kila mwaka unamtumia kahawa, mara kwa mkono wa Jovitus, mara kwa mkono wangu, mara kwa dereva wa lori, na kwamba tangu mlipovua sare hujawahi kukanyaga Kisesa. Alisema kahawa ni nzuri lakini anayeinywa ni mkewe, yeye inamnyima usingizi, na hajapata nafasi ya kukwambia kwa sababu huji. Nilimwona ameudhika, Baba. Hakuudhika hivyo aliponieleza habari ya bega. Risasi alikuwa amekwisha kuisamehe kabla hamjafika mtoni. Hii miaka mingine yote ndiyo iliyomchosha.

Nisalimie Mama tena, na mama mdogo, ingawa najua atakupigia kukuuliza barua inasema nini. Shangazi Bernadetta umwambie kitenge chake nimekipata. Wasalimie wote wa pale kilabu cha kahawa, na Mzee Bashiru pia, hana kosa, aliimba alichoambiwa. Mungu akulinde, alale nawe na aamke nawe, mpaka tuonane.

Utakuwa umekwisha kugusa kitu kigumu kwenye kona ya bahasha, kimeviringishwa pamba. Jovitus hajui ni nini. Siku ile Kisesa, wakati nakifunga, Mzee Ngosha alinishika mkono, kwa ule wa kulia, akaniambia nikueleze kwamba meli ya Bukoba inafika Mwanza asubuhi, kwamba kutoka bandarini mpaka kwake si mbali, na kwamba safari hii uje mikono mitupu.

Mimi binti yako anayekupenda,

Annet